Kabla hujalipa ada, waulize kama huwa wanarudi baada ya mvua

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 29, nina shahada ya kwanza ya kilimo cha bustani kutoka SUA, na huu ni mwaka wa sita niko kwenye kampuni ya kutengeneza bustani hapa Dodoma. Tunapanda, tunakabidhi, mkataba wa kumwagilia ukiisha bustani inakauka. Nimechoka kupanda vitu vya kufa. Nataka kusoma uzamili wa usanifu wa mandhari endelevu na nina nafasi mbili mkononi. Moja ni chuo cha hapa nchini, miaka miwili, mwaka wa kwanza darasani na wa pili tasnifu. Nyingine ni chuo kidogo Marekani, miezi kumi, wanasema ni vitendo mwanzo mwisho na unafanya kazi na wateja halisi. Ndugu zangu wanasema miezi kumi si shahada. Mimi naogopa kujifunzia kwenye theluji mambo ya kuja kuyafanya kwenye ukame. Nichague ipi?"

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na maneno niliyoyarudia ni hayo ya kuchoka kupanda vitu vya kufa. Wengi huingia katika fani hii kwa kupenda maua. Wewe unaingia ukiwa umeshaona bustani nyingi zikikauka na unataka kujua kwa nini. Kwangu mimi huo ni mtaji mkubwa kuliko cheti chochote utakachoambatisha kwenye maombi yako.

Tuanze na hesabu ya bustani zenyewe, kwa sababu ndiyo inayonionyesha unapungukiwa nini. Uwanja wa nyasi za paspalamu wa mita za mraba 1,000, ukitaka ubaki kijani kiangazi chote cha Dodoma, unataka kama milimita tano za maji kwa siku. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo unazungumzia lita 5,000 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kuanzia Mei mpaka mvua zitakapoanza Desemba. Ofisi ya mteja italipia maboza ya maji hayo mwaka wa kwanza kwa sababu ya uzinduzi. Mwaka wa pili mhasibu atauliza. Mwaka wa tatu hakuna bustani. Kosa hilo lilifanyika kwenye karatasi, kabla mtu wa kampuni yenu hajashika jembe, na ndiyo maana nakubaliana nawe kwamba unachohitaji sasa ni kukaa upande wa anayechora.

Nikupe msimamo wangu mapema usije ukasoma kwa wasiwasi: kwa hali yako naegemea ile miezi kumi. Ila nina masharti, na sharti kubwa halihusu nchi wala urefu wa kozi.

Neno "vitendo" limetumika mpaka limechakaa. Kila chuo kina picha ya wanafunzi waliovaa buti na kofia ngumu. Kushika koleo wewe hakukupi shida, umelishika miaka sita. Vitendo ninavyovisema mimi ni pale ambapo kuna kipande cha ardhi chenye mwenyewe, mwenyewe ana shida yake na mfuko wake, na mchoro wako utafika mikononi mwake akaujenga au akaukataa. Mkikaa mezani akakwambia "hapa umenitoa nje ya bajeti" au "mama yangu hawezi kupanda ngazi hizi", hapo ndipo unapoanza kusoma. Eneo la kubuni, lenye mteja wa kubuni, halina mama asiyeweza kupanda ngazi.

Aina hii ya masomo ina historia, na inafaa uijue ili uweze kupima chuo chako kwa kipimo fulani. Mwaka 1972 Walter Cudnohufsky, msanifu wa mandhari aliyesoma Harvard, alianzisha shule ndogo katika mji wa Conway, jimbo la Massachusetts. Aliipanga kwa miezi kumi, Septemba hadi Juni, darasa moja tu la watu wachache, na kila mwanafunzi akikabidhiwa mteja wake tangu mwanzoni. Kipindi cha kwanza unakuwa peke yako na mwenye nyumba mmoja au mwenye shamba mmoja, kwa hiyo huna mgongo wa mwenzako wa kujifichia. Kipindi cha baridi, ardhi ikiwa imelala, mnaingia kwenye vikundi na kufanya kazi za ukubwa wa mji au wa bonde zima: wapi pajengwe, wapi paachwe, chakula kitalimwa wapi. Miezi ya mwisho mnarudi kwenye eneo moja, lakini sasa mteja wenu ni wa umma, yaani watu wengi wasiokubaliana wao kwa wao. Ndani yake mnaandika sana na mnasimama mbele za watu sana. Baadaye shule ilihamia Northampton, lakini mfumo huo ndio ulioipa jina.

Angalia ulivyopangwa: unaanza na mtu, unapanda mpaka kwenye bonde, halafu unarudi kwa watu. Waulize hao waliokupa nafasi kama mwaka wao una umbo linalofanana na hilo, au kama "wateja halisi" ni ziara mbili za basi.

Kwenye ile ngazi ya bonde utakutana na mbinu aliyoieneza Ian McHarg, Mskoti aliyefundisha Chuo Kikuu cha Pennsylvania: kila jambo la ardhi, mwamba, udongo, maji, mteremko, mimea, makazi, linachorwa kwenye karatasi yake angavu, kisha karatasi zinapandanishwa mpaka ardhi yenyewe ionyeshe panapostahimili ujenzi na pasipostahimili. Siku hizi kompyuta inalifanya hilo kabla chai haijapoa. Jifunze vizuri. Ila kuna kitu karatasi hizo hazina, na nilikijua kwa gharama.

Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia kozi fupi ya wanafunzi wa uzamili, katika chuo ambacho sitakitaja. Tulipewa kiwanja cha shule ya msingi kilichoko kwenye mteremko wa udongo mwekundu. Korongo dogo lilikuwa limeanza kuchimbika kutoka kona ya darasa la tano mpaka barabarani. Paa la mabati lilikuwa na ukubwa wa mita za mraba 400 na halikuwa na gata hata moja. Mvua moja nzuri ya milimita 40 ikipiga paa la namna hiyo, inashusha lita 16,000. Matanki matatu ya lita 5,000 yanajaa na maji bado yanamwagika. Wanafunzi walipofanya hesabu hiyo ubaoni walifurahi. Tatizo limepatikana.

Tukatengeneza fremu A: miti miwili ya mita mbili iliyofungwa juu, mti mfupi katikati, na kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka kileleni kama timazi. Unaisimamisha, unaweka alama kamba inapogusa mti wa katikati. Unageuza miguu, wa kushoto uende palipokuwa na wa kulia, unaweka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndiyo usawa. Siku mbili tukatembeza fremu hiyo kiwanjani tukipigilia vigingi, kimoja baada ya kingine, mpaka mistari ya kontua, yaani ya usawa mmoja wa ardhi, ikaonekana kwa macho. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa hodari sana wa kompyuta alisimama juu ya mteremko akaitazama ile mistari ya vigingi, akasema hakujua kama ardhi ina kiuno.

Siku ya pili jioni, mlinzi wa shule, mzee aliyekuwa ameketi kwenye benchi akitutazama tangu jana yake, alinyanyuka akatupeleka nyuma ya vyoo. Ukutani palikuwa na mstari wa tope, kama sentimita ishirini kutoka chini. "Maji yanayotuumiza hayatoki kwenye bati," akasema. "Yanatoka huko juu kwa jirani, tangu walipomwaga kifusi." Ramani yetu ilikuwa imeishia kwenye uzio wa shule. Maji hayajui uzio.

Tukaanza upya. Tukapanda kwa jirani, tukapima, tukazungumza naye, tukachimba mtaro wa fanya chini, ule ambao udongo wake unatupwa upande wa chini uwe tuta, kwenye mpaka wa juu ili uyapokee maji kabla hayajashika kasi, tukapanda nyasi za vetiva juu ya tuta na mikwaju chini yake. Wazazi walichimba nasi. Ilikuwa kazi nzuri. Kozi ikaisha Oktoba, ripoti ikafungwa, alama zikatoka, zilikuwa za juu.

Aprili nilipita mji ule kwa shughuli zangu nikaenda kutazama. Tuta lilikuwa limekatika mahali pamoja, upana wa hatua moja. Ng'ambo ya pale kulikuwa na genge la maandazi, na watoto walikuwa wametengeneza njia yao ya mkato juu ya tuta kulifikia. Mvua za Januari zikapita hapo hapo walipopita watoto, na chini yake kulikuwa na korongo jipya, refu kuliko la kwanza. Tulipima maji, hatukupima watoto. Mawe machache yaliyopangwa vizuri kama kivuko yangetosha, na sisi hatukuyaweka kwa sababu tulikuja wakati wa likizo, kiwanja kikiwa kitupu.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hakuna hata mmoja wa wanafunzi wale aliyeliona lile pengo. Kozi iliwaachilia kabla ya mvua. Walikwenda makazini wakiamini lile tuta ni jibu, na inawezekana wanalichora tena mahali pengine.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuwauliza wakubwa wa vyuo, kile cha Marekani na kile cha hapa, ni hili: huwa mnarudi kwenye maeneo mliyoyachora baada ya msimu kupita, na mwanafunzi wa mwaka huu anaona kazi ya mwaka jana ilivyofanya? Miezi kumi haitoshi kuona kazi yako mwenyewe ikizeeka, hilo liko wazi. Lakini chuo chenye miaka mingi kina maeneo ya zamani kila upande, na mwalimu makini atawapeleka kwenye yaliyofaulu na yaliyoharibika. Akikuonyesha yaliyofaulu tu, endelea kuuliza. Omba pia ripoti mbili tatu za wanafunzi waliopita uzisome kama mteja angezisoma: unaelewa uanze na nini, kwa shilingi ngapi, na msimu gani? Na omba kuzungumza na mhitimu mmoja aliyerudi katika nchi kame. Chuo kikisita kukupa hayo, nitabadili ushauri wangu.

Sasa hofu yako ya theluji. Ni ya kweli na usiidharau. Massachusetts mvua inagawanyika karibu sawasawa mwaka mzima, ardhi inaganda, na wanapanga nyumba na miti kwa kulifukuzia jua la kusini. Dodoma jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, adui ni jua la saa tisa mchana kutoka magharibi, na mvua ya mwaka, kama milimita 570, inashuka karibu yote katika miezi mitano. Orodha yao ya mimea haitakufaa hata mstari mmoja, iache huko huko. Utakachorudi nacho ni namna ya kukikaribia kiwanja: kutazama kabla ya kuchora, kupima, kuuliza maji yanaingilia wapi na kutokea wapi, kumwandikia mteja kwa lugha anayoielewa, kutetea uamuzi wako mbele ya kikao kilichokasirika. Hayo hayana theluji wala ukame.

Na usiende mikono mitupu. Dodoma ni darasa kubwa la ardhi na hao watakaokufundisha huenda hawalijui. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwa amri katika eneo lililokuwa limemomonyoka kule Kondoa. Majani yalirudi, miti ikarudi, mtu yeyote aliyepita Kondoa kabla na baada atakwambia. Lakini mifugo ilikuwa maisha ya watu, na amri ya kuiondoa iliacha kinyongo ambacho hakionekani kwenye picha za kijani kilichorejea. Linganisha na Kisiki Hai ya miaka hii, ambapo mkulima anachagua mwenyewe visiki vilivyo hai shambani kwake, anavipogolea, anaacha machipukizi mawili matatu yenye nguvu yakue, na mti unarudi kwa haraka kwa sababu mizizi ilikuwepo chini siku zote. Hakuna kitalu, hakuna boza. Ardhi ni ile ile, mkoa ni ule ule, ila mteja ametendewa tofauti kabisa. Ukienda na mifano hiyo miwili kichwani utakuwa na cha kuwafundisha wenzako darasani. Maneno fanya juu na fanya chini, kwa taarifa yako, utayakuta yameandikwa hivyo hivyo kwa Kiswahili kwenye vitabu vya kigeni vya hifadhi ya udongo. Yalitoka kwenye makinga maji ya Ukambani.

Ndugu zako nao wana hoja, ingawa si ile wanayodhani. Miezi kumi inaweza kuwa shahada kamili ya uzamili. Hoja ni itatambuliwaje ukirudi. Kabla ya kukata tiketi, peleka jina la chuo na la shahada Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, uulizie kuhusu utambuzi wa tuzo za nje, upate jibu la maandishi. Halafu nenda Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, AQRB, uulize shahada ya usanifu wa mandhari endelevu itakuweka wapi, kwa sababu shahada fupi za namna hiyo mara nyingi hazikutengenezwa kwa ajili ya usajili wa usanifu wa mandhari, hata huko Marekani kwenyewe. Kama lengo lako ni kugonga muhuri wako kwenye michoro ya zabuni za serikali ndani ya miaka mitatu, chagua njia ya nyumbani na usiangalie nyuma. Kama uko tayari kufanya kazi bega kwa bega na msanifu aliyesajiliwa, muhuri wake na macho yako, basi miezi kumi inakutosha. Jambo jingine: usiende kwa mkopo ambao utakulazimisha kurudi kwenye paspalamu ili uulipe.

Na ikitokea ukabaki nyumbani, sitakuhurumia, maana kozi ya darasani unaweza kuitia udongo mwenyewe. Tasnifu yako iwe ya mahali, na mahali hapo pawe na mwenyewe. Mwaka 2006 wanafunzi sita wa uzamili wa usanifu pale Harvard walianzisha Kounkuey Design Initiative, wakaenda kufanya kazi na wakazi wa Kibera, Nairobi, kwenye maeneo yaliyokuwa majalala kandokando ya mto. Walianza kwa kuuliza wakazi wanataka pafanywe nini, na majibu yakawa vyoo, maji, mahali pa watoto kucheza, pa kuuzia, pa kukutania. Vikundi vya wakazi wenyewe ndivyo vikakabidhiwa kuyaendesha. Hapakuwa na bustani ya kutazamwa tu. Taasisi ile imeendelea miaka mingi baada ya wao kuhitimu, na Kibera wamerudi mara nyingi kuongeza eneo jingine na kurekebisha la zamani. Chuo kiliwapa mlango tu. Kurudi walijiamulia wenyewe.

Chochote utakachochagua, kuna kazi ya kuanza nayo sasa. Chagua bustani moja mliyoipanda ikafa, ambayo mwenyewe bado anazungumza nawe. Simama mahali pamoja, weka kigingi, piga picha, na utakuwa unapiga kutoka kigingi hicho kila mwezi. Chora kwa mkono, na mchoro wako uvuke uzio pande zote nne. Kaa hapo siku nzima ya kazi uandike watu wanapita wapi na wanakaa kwenye kivuli gani saa ngapi. Kisha chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na 30 upana, lijaze maji, yaache yanywewe yote, lijaze tena, simamisha kijiti chenye alama na uangalie saa. Yakishuka sentimita mbili na nusu kwa saa au zaidi, udongo huo unakunywa na unaweza kuuwekea maji ya bati. Yakishuka chini ya sentimita moja, usichimbe bwawa la kunyonya hapo. Yatafutie maji njia ya kwenda kwenye mti.

Chimba mashimo matatu, juu, katikati na chini ya kiwanja, kabla mvua hazijaanza. Niandikie namba zake na unitumie mchoro, hata kama umechorwa nyuma ya risiti.